Mto Tana: Tope tunalolidharau ndilo linalotulisha

Kila msimu wa mvua, Mto Tana huingia kwenye habari kwa sababu moja tu: mafuriko. Tunaona nyumba zimezama hadi madirishani, mabasi ya Lamu yamekwama Gamba, na watu wamejitwika magodoro wakitafuta pahali palipoinuka. Maji yakishuka, kamera huondoka na mto husahauliwa hadi msimu mwingine. Ndiyo maana wengi wetu Pwani, hata tulio karibu nao, tunaujua mto huu kama adui anayekuja mara mbili kwa mwaka.

Leo nataka kuueleza upande wake wa pili. Sisemi mafuriko hayaumizi. Yanaumiza, na nitarudi kwenye hilo. Lakini huwezi kuuelewa Mto Tana bila kuelewa kwamba kufurika ndiyo kazi yake, na kwamba Delta yote, kuanzia mpunga wa Mpokomo hadi ng'ombe wa Muorma na kamba wa mvuvi wa Kipini, imejengwa na maji hayo hayo ya rangi ya udongo. Na kuna jambo la haraka hapa. Huko juu mtoni mipango ya bwawa kubwa kuliko yote yaliyotangulia imekuwa mezani kwa miaka mingi. Watakaoamua si lazima wawe wamewahi kufika Garsen. Basi ni vyema sisi tujue tunachokitetea.

Mto wa milimani unaopita jangwani

Tana ndio mto mrefu zaidi Kenya, takriban kilomita 1,000 kutoka chanzo hadi baharini. Maji yake huanzia safu za Nyandarua na Mlima Kenya, ambako mvua ni nyingi na misitu hunyonya maji kama sponji. Mito kama Chania, Thika, Mathioya, Maragua na Sagana huungana huko juu. Sehemu kubwa ya maji wanayokunywa wakaazi wa Nairobi hutoka kwenye bonde hili hili, kupitia mabwawa kama Ndakaini. Kwa hiyo mtu wa Nairobi anapofungua mfereji na mkulima wa Ngao anapochota maji mtoni, wanakula sahani moja bila kujuana.

Ukishapita eneo la Kora, mto huingia nchi kavu. Kuanzia hapo hadi baharini hakuna tena mto wa kudumu unaouongezea maji. Kuna malaga tu, yale makorongo ya mchanga yanayopitisha maji siku chache mvua ikinyesha, kisha yakakauka. Mto unapita Garissa, Bura, Hola, hadi Garsen, zaidi ya kilomita 200 kaskazini mwa Mombasa, kisha unateremka polepole hadi Kipini na Ghuba ya Ungwana.

Hapa ndipo Tana unapowashangaza wengi. Kwa kawaida tunategemea mto uwe mkubwa zaidi kadiri unavyokaribia bahari. Tana hufanya kinyume. Njia yake ya maji pale Garsen ni ndogo kuliko ilivyo Garissa. Maji mengine huzama mchangani, mengine huchukuliwa na jua, na mengi humwagika kando kabla ya kufika kwetu. Kwa hiyo mvua kubwa za milimani zinapoteremka, mfereji mdogo wa huku chini hauwezi kuzibeba. Lazima mto ufurike. Hivyo ndivyo ulivyoumbwa.

Kufurika huko ndiko kunakojenga nchi. Maji yanapotoka mtoni hupunguza kasi, na yakipunguza kasi hutua mzigo. Mchanga mzito hubaki karibu na mto na kuinua kingo. Udongo laini wa mfinyanzi husafiri mbali zaidi na kutua mabondeni. Baada ya maelfu ya miaka, mto umejikuta ukipita juu ya kingo ulizozijenga wenyewe, na mabonde yaliyo pembeni yako chini kuliko kingo hizo. Ndiyo sababu vijiji vingi vya zamani vya Wapokomo viko ukingoni hasa mwa mto. Mtu wa mbali huona ni ukaidi, lakini ukingo ndio uliokuwa mwinuko pekee, na ndipo embe na ndizi zilipoota vizuri.

Mto wa namna hii pia hautulii njia moja. Hola wanalijua hilo vizuri. Mradi wa kilimo cha umwagiliaji uliokuwapo pale tangu miaka ya 1950 ulisimama mwaka 1989, mto ulipohama na kuiacha mitambo ya kuvuta maji ikitazama mchanga mkavu. Hata mdomo wa Kipini una historia yake. Zamani Tana ulimwaga maji yake baharini kusini zaidi. Katika karne ya 19, enzi za watawala wa Witu, ulichimbwa mfereji wa Belezoni kuunganisha Tana na Mto Ozi ili mitumbwi ya mazao ipite. Mafuriko yakaupanua mfereji ule hadi mto wenyewe ukaufuata na kutokea Kipini. Binadamu alifungua mlango mdogo, mto ukaugeuza kuwa lango.

Kuna mito ya kioo na mito ya tope

Watu wengi wakifikiria mto mzuri hufikiria maji maangavu. Kusini mwa Uingereza kuna mito ya namna hiyo inayosifiwa dunia nzima, kama vile Test na Itchen. Inaitwa mito ya chaki. Mvua hunyesha juu ya vilima vya mawe ya chaki, maji yakazama chini, yakachujwa polepole ndani ya mwamba, kisha yakatoka tena kama chemchemi. Hutoka yakiwa safi kama kioo na ubaridi wake haubadiliki sana mwaka mzima, wala hayapandi kwa ghafla. Inakadiriwa mito ya aina hiyo ni kama 200 tu duniani, na mingi iko Uingereza. Waingereza wenyewe wanaipigania leo, kwa sababu maji yanavutwa kupita kiasi kutoka chini ya ardhi na majitaka yanaingizwa ndani yake.

Ukiupima Tana kwa kipimo hicho utasema ni mto mchafu. Lakini kila mto una tabia yake, na viumbe vyake vimeizoea tabia hiyo. Samaki wa mto wa chaki huteseka tope likifunika changarawe wanamotaga mayai. Kwetu huku, tope likikosekana ndipo tunapoteseka. Anayetaka kuulinda Tana asianze kwa kuutamani uwe maangavu na mtulivu. Aanze kwa kuuliza: je, bado unapanda na kushuka kwa wakati wake?

Wakati huo wanaujua wazee wote wa Delta. Kuna mafuriko ya masika, ambayo kilele chake huwa karibu na mwezi wa Mei, na kuna ya vuli, karibu na Novemba. Mvua yetu wenyewe Garsen ni kidogo na haitabiriki, na peke yake haiwezi kukuza mpunga. Mpunga wetu hunyeshewa na mvua iliyonyesha Murang'a na Nyeri.

Maji yakiingia, nani anafaidika?

Mkulima ndiye wa kwanza. Maji yakijaa mabondeni mpunga hupandwa, na yakipungua, ardhi iliyoachwa na unyevu hupandwa mahindi, kunde na mboga. Tope jipya ni mbolea isiyouzwa dukani. Mkulima wa Delta amelima pahali pamoja vizazi na vizazi bila gunia la mbolea kwa sababu mto ulikuwa ukimletea mpya kila mwaka.

Mfugaji naye anafaidika, ingawa yeye hungoja maji yaondoke. Mafuriko yakirudi nyuma huacha nyasi mbichi wakati nchi yote ya pembeni imekauka. Ndiyo maana kiangazi kikikaza, mifugo huja Delta kutoka Tana River yote, Garissa, Ijara, Lamu na hata Kilifi. Kwa Waorma, Wawardei na Wasomali, Delta ni ghala la mwisho. Likikosekana, ng'ombe hawana pengine pa kukimbilia. Njia za mifugo kushuka mtoni zinaitwa malka, na kila malka ina jina na historia.

Mvuvi pia yumo. Kambare hutaga mayai kwenye nyasi zilizofunikwa na maji, na vifaranga hukulia huko mbali na samaki wakubwa. Maziwa ya pembeni, kama Shakababo na Bilisa, hujazwa upya na mafuriko, na samaki wapya huingia nayo. Mwaka ambao mto haukufurika, ziwa hunywea, na mvuvi hubaki na wavu na matope. Kuna pia kambare mamba, yule samaki mwenye mapafu. Maji yakikauka hujichimbia kwenye udongo na kulala hadi mafuriko yarudi. Huyo ameumbwa kwa mto unaokuja na kuondoka.

Msitu wa kando ya mto vilevile unakunywa kutokana na mafuriko. Ukitazama kutoka angani, kaunti yetu ni nchi ya kijivu iliyopasuliwa na utepe mmoja wa kijani. Utepe huo ni mikuyu, mikindu, migunga mikubwa na miti mingine ambayo mizizi yake hutegemea maji yanayozama ardhini mto unapofurika.

Viumbe ambao hawana kwao kwingine

Ndani ya utepe huo kuna nyani wawili wasiopatikana pahali pengine popote duniani: mbega mwekundu wa Tana, na mangabe wa Tana mwenye kishungi. Nikisema popote duniani simaanishi ni wachache kwingine. Kwao ni hapa tu, kwenye vipande vya msitu vilivyo kando ya mto huu. Hifadhi ya nyani ya Tana River ilianzishwa mwaka 1976 kwa ajili yao, yenye ukubwa wa takriban kilomita 169 za mraba, lakini baadhi ya makundi yao yanaishi nje ya hifadhi, jirani na mashamba yetu. Wote wawili wako katika hatari ya kutoweka. Mangabe hutegemea sana matunda ya mkindu, na huo mkindu ndio tunaoukata kwa mikeka na nguzo. Kwa hiyo kuwalinda nyani hawa si suala la kuwafukuza watu. Ni suala la kujua tunavuna kiasi gani na kuacha kiasi gani.

Kuna mti mmoja ambao napenda kuwaonyesha wageni. Ni wa jamii ya mpopla, miti ambayo jamaa zake wengi wako nchi za baridi za Ulaya, Asia na Marekani. Huyu wetu ameachwa hapa karibu na ikweta, kando ya Tana na mito michache ya Kenya na jirani zake. Wapokomo humchongea mitumbwi. Miche yake huota kwenye fungu jipya la mchanga ambalo mto umelitua hivi karibuni. Mto ukiacha kuhama na kutua mchanga mpya, miti mikubwa itazeeka bila kuacha watoto.

Ndege nao ni wengi ajabu. Korongo, yangeyange, wari na bata wa maji huja kwa maelfu maji yakijaa, na kutaga kwa makundi kwenye miti iliyozingirwa na maji. Miongoni mwa wageni kuna kijindege kidogo cha rangi ya kahawia kinachozaa kwenye vinamasi vya kusini mwa Iraq, upande wa Basra, na kusafiri hadi Afrika Mashariki msimu wa baridi ya kwao. Ni kama majahazi ya zamani: huja na kaskazi na kurudi kabla kusi haijakaza. Vinamasi vya Basra vilipokaushwa miaka ya 1990, kijindege hiki kilipungua sana. Sasa kinategemea nchi zaidi ya moja zilinde maji yao, na moja ya nchi hizo ni yetu.

Kwa sababu hizi zote, mwaka 2012 Delta ya Tana iliingizwa kwenye orodha ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, chini ya mkataba uliotiwa saini mji wa Ramsar, Iran, mwaka 1971. Eneo lililoorodheshwa ni hekta 163,600. Ni heshima kubwa, lakini karatasi ya Ramsar haileti maji. Maji huletwa na mto.

Bahari nayo inautegemea mto

Sisi watu wa Pwani tunajua habari ya bamvua na maji mafu. Lakini huenda wengi hawajui kwamba wakulima wa chini kabisa, wa Ozi na vijiji vya jirani, walikuwa wakilima mpunga kwa msaada wa bahari. Inakuwaje? Bahari ikijaa wakati wa bamvua, maji ya chumvi husukuma mto kurudi nyuma. Mto ukiwa na nguvu, maji matamu hubaki juu, hupanda, na kuingia taratibu mashambani. Bahari ikipwa, hutoka. Umwagiliaji wa bure, bila pampu wala mafuta.

Sasa fikiria mto umedhoofika, ama kwa sababu maji yamezuiwa huko juu, ama kwa sababu mkondo umehamia njia nyingine. Bahari bado inajaa na kupwa kama kawaida, lakini hakuna maji matamu ya kutosha kuizuia. Kinachopanda mashambani ni chumvi. Mpunga huungua, miembe hukauka kuanzia majani ya juu, na visima huwa vichungu. Hivi ndivyo wakulima wa upande wa Ozi na Kipini wamekuwa wakililia kwa miaka kadhaa sasa. Chumvi ikishaingia kwenye udongo wa mfinyanzi, haitoki kwa mvua moja. Inahitaji mafuriko ya maji matamu kuiosha.

Pwani yenyewe nayo hula kutoka mtoni. Mikoko ya mdomo wa Tana, pamoja na msikundazi ambao ni adimu kwingine Kenya, huhitaji mchanganyiko wa maji matamu na ya chumvi. Kamba wa Ghuba ya Ungwana hukulia humo wakiwa wadogo kabla ya kutoka baharini. Mvuvi wa Kipini au Ngomeni anaweza kuishi umri wake wote bila kufika Garissa, lakini riziki yake imepitia huko.

Mabwawa matano, na la sita linalosubiriwa

Tangu mwaka 1968 mto huu umefungwa mara tano katika mfululizo unaoitwa Seven Forks: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Kwa pamoja yana uwezo wa kuzalisha karibu megawati 600 za umeme. Kenya nzima imenufaika. Sitaki kuandika kama mtu anayetamani tungekaa gizani.

Lakini bwawa hufanya mambo mawili ambayo sisi wa chini huyalipia. Kwanza, huhifadhi maji ya mvua ili yatumike kidogo kidogo mwaka mzima. Kwa mwenye mtambo wa umeme, hiyo ni faida. Kwa Delta, maana yake ni kwamba kilele cha mafuriko hukatwa. Baada ya Masinga kukamilika, mafuriko ya kawaida ya mwezi wa Mei, yale madogo yenye manufaa, yalipungua. Yale makubwa ya kutisha hayakuzuilika: bwawa likijaa, maji lazima yafunguliwe. Kwa hiyo tumepoteza mafuriko yanayolisha na kubaki na yanayobomoa. Miaka ya 1997, 2018, 2023 na 2024 ni mashahidi.

Pili, bwawa huzuia tope. Maji yakitulia nyuma ya ukuta, udongo huzama pale pale. Maji yanayotoka upande wa pili yana njaa, na mto wenye njaa huanza kula kingo zake.

Sasa kuna mpango wa High Grand Falls, ambao umezungumzwa tangu Ruwaza ya 2030. Bwawa hilo linakusudiwa kuhifadhi zaidi ya mita za ujazo bilioni 5 za maji. Masinga, ambalo ndilo kubwa zaidi kwa sasa, huhifadhi kama bilioni 1.5. Na hili jipya litakuwa chini ya mengine yote, karibu zaidi nasi, likikusanya hata maji ya mito inayoingia Tana baada ya Kiambere. Mito hiyo ndiyo iliyotuachia mafuriko kidogo hadi leo. Wanaoutetea mradi husema utazuia mafuriko. Hilo ndilo linalonitia hofu, kwa sababu anayesema atazuia mafuriko ya Tana anasema atazuia Delta, hata kama hakukusudia.

Ardhi isiyo tupu

Kuna kosa jingine ambalo limerudiwa Delta: kuiona kama ardhi tupu inayongoja mwekezaji. Mradi wa mpunga wa TARDA pale Garsen ulijengwa kwa msaada wa Japani, na kuta zake zikabomolewa na mafuriko ya El Niño ya 1997. Mto haukusoma mkataba. Baadaye, kuanzia karibu mwaka 2008, zikaja ndoto za miwa, mimea ya mafuta na mashamba ya kulisha nchi za nje, kila moja ikihesabiwa kwa makumi ya maelfu ya hekta. Wanajamii walikwenda mahakamani, na mwaka 2013 Mahakama Kuu ikaagiza kuwe na mpango kamili wa matumizi ya ardhi utakaoshirikisha wenyeji. Mpango huo ukaandaliwa, na una jambo la msingi ndani yake: unatambua kwamba mkulima, mfugaji, mvuvi na mnyama wote wana haki ya maji yale yale.

Mwaka ule ule wa 2012 Delta ilipopewa heshima ya Ramsar, tulizika zaidi ya watu 100 katika mapigano yaliyoanza mwezi wa Agosti huko Riketa na kuendelea hadi Kilelengwani na Kipao. Siasa ilikuwamo, silaha zilikuwamo, na chuki ilichochewa. Lakini chini ya yote kulikuwa na malka zilizozibwa na mashamba, na mifugo iliyokanyaga mazao. Mto unapofurika vizuri, mkulima na mfugaji hupishana kwa msimu: mmoja hulima maji yakiwapo, mwingine hulisha yakiondoka. Mto ukinyimwa mafuriko, wote wawili husukumwa kwenye ukanda mmoja mwembamba wa kijani, siku moja, saa moja. Anayepanga maji ya Tana anapanga pia amani ya Tana.

Tudai nini?

Maoni yangu ni haya.

Kwanza, lisijengwe bwawa lolote jipya bila mkataba wa mafuriko ya kupangwa. Maana yake ni kufungua maji mengi kwa makusudi, mara mbili kwa mwaka, kwa wakati unaojulikana, ili mabonde yajae na chumvi isukumwe. Si ndoto. Afrika Kusini wamefanya hivyo kwa wakaazi wa bonde la Pongola chini ya bwawa lao, na Mto Senegal umewahi kufunguliwa kutoka Manantali kwa sababu hiyo hiyo. Sheria yetu ya Maji ya 2016 nayo inataka kila mto ubakiziwe akiba kwa mahitaji ya watu na mazingira kabla ya matumizi mengine. Akiba ya Tana isipimwe kwa wastani wa mwaka tu. Ipimwe kwa kupanda na kushuka kwake.

Pili, watu wapewe pahali pa kuishi panapofaa. Vijiji vilivyohamishiwa mwinuko vinarudi mtoni kwa sababu huko juu hakuna maji, shule wala zahanati. Huwezi kumwambia mama ahame mto kisha umwache achote maji kilomita nyingi. Na maji yakifunguliwa Kiambere, ujumbe unafaa kufika vijijini kwa Kipokomo, Kiorma na Kiswahili siku kadhaa kabla, kwa redio na kwa wazee wa vijiji. Maji huchukua siku nyingi kutoka mabwawani hadi Garsen. Muda wa kuonya watu upo, ukitumiwa.

Tatu, malka zibaki wazi, na mpango wa matumizi ya ardhi utekelezwe badala ya kukaa kabatini. Hapa wazee wa Gasa na wazee wa Waorma wana kazi ambayo hakuna ofisi itakayowafanyia.

Nne, tuwafundishe watoto wetu. Mtoto wa Tana River anaweza kumaliza shule akijua Nile na Amazon, asijue kwamba nyani wa nyuma ya nyumba yao hayupo Nile wala Amazon. Wimbo wetu wa taifa una tuni ya wimbo wa kubembelezea mtoto wa Kipokomo. Kila Mkenya huusimamia kwa heshima. Mto uliokuza watu walioutunga unastahili japo nusu ya heshima hiyo.

Msimu ujao wa mvua, mto utakapopanda tena, tutawahurumia waliohamishwa na tutachanga chakula kama kawaida yetu. Tufanye hivyo. Lakini mwanasiasa akisimama jukwaani kuahidi kwamba atayamaliza mafuriko ya Tana milele, aulizwe swali moja: baada ya hapo, chumvi ya Ozi ataiosha kwa maji gani?